Kukarabati nyumba California: leseni, advansi ya dola 1,000, na deni la mtu usiyemjua

Sheria ya wakandarasi ya California imejengwa juu ya jambo moja: pesa za mwenye nyumba zisitangulie kazi. Vifungu vinavyomhusu mteja ni vingi, lakini karibu vyote vinarudi hapo. Nawaandikia Waswahili wenye nyumba kule, na mafundi wetu wanaotaka kufanya kazi hii kihalali, kwa sababu hasara kubwa ninazoziona hazitokani na ubovu wa sheria. Zinatokana na hundi iliyotolewa mapema mno.

Tuanze na leseni. Bodi inayosimamia wakandarasi wa jimbo, maarufu kwa kifupi cha CSLB, ipo tangu 1929. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, kazi inayofika dola 1,000, vifaa na ufundi vikijumlishwa, lazima ifanywe na mwenye leseni. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa dola 500. Chini ya dola 1,000 asiye na leseni anaruhusiwa kwa masharti mawili: kazi yenyewe isiwe ya kuhitaji kibali cha ujenzi, na yeye asiwe ameajiri mtu wa kumsaidia. Watu huikumbuka ile elfu moja wakayasahau masharti. Kubadilisha hita ya maji, kwa mfano, kwa kawaida kunahitaji kibali, kwa hiyo hata fundi akikutoza dola 700 bado anatakiwa awe na leseni. Kuikata kazi ya dola 3,000 kuwa ankara nne za dola 750 pia hakusaidii kitu. Sheria inaitazama kazi nzima.

Mwombe mkandarasi namba ya leseni, kisha uiangalie mwenyewe kwenye tovuti ya bodi. Usitosheke na kuona neno «hai». Soma jina la mwenye leseni na ulilinganishe na jina lililo kwenye mkataba, herufi kwa herufi, maana kuna watu wanaofanyia kazi leseni ya mtu mwingine. Kisha soma daraja. B ni mjenzi wa majengo kwa ujumla. C-10 ni umeme, C-36 ni mabomba, C-39 ni paa, C-20 ni mitambo ya joto na ubaridi, C-33 ni rangi. Mwenye C-33 pekee hana ruhusa ya kukufungulia ukuta na kuhamisha nyaya, hata kama leseni yake ni safi kabisa. Mwenye B naye, kwa kawaida, huchukua kazi inayochanganya fani mbili au zaidi zisizohusiana, mbali na useremala; hawezi kuja kufanya mabomba peke yake kwa leseni ya B.

Hapo hapo tazama bima ya wafanyakazi, ile ya wanaoumia kazini. Wakandarasi wengi wasio na waajiriwa wanaruhusiwa kuwasilisha hati ya msamaha wa bima hiyo hadi mwisho wa 2027. Kuanzia 2028 watatakiwa wote kuwa nayo. Wa paa, zege, mitambo ya joto na ubaridi, asbesto na ukataji miti hawana msamaha hata sasa. Ukiona rekodi inasema «amesamehewa, hana waajiriwa» na asubuhi wanashuka watu wanne kwenye gari lake, simamisha kazi. Mmoja wao akianguka, dai linaweza kukufikia wewe mwenye nyumba.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo: mkandarasi anakwambia uende wewe ukachukue kibali kama «mmiliki anayejijengea», eti ni rahisi na bei itapungua. Ukisaini hicho kibali, machoni pa serikali ya mji wewe ndiye unayewajibika kwa kazi ile na kwa watu walioko pale. Mwenye leseni halali hana sababu ya kuomba hivyo. Mimi ningemwacha palepale.

Sasa advansi. Kwa ukarabati wa nyumba ya kuishi, malipo ya awali hayaruhusiwi kuzidi dola 1,000 au asilimia 10 ya bei ya mkataba, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Uzio wa dola 6,000: advansi haizidi 600. Paa la dola 18,000: asilimia 10 ni 1,800, lakini ukomo ni 1,000, basi ni 1,000. Jiko la dola 60,000: bado ni 1,000. Mkandarasi atakwambia makabati yanaagizwa maalumu na kiwanda kinataka nusu kwanza. Sheria haina msamaha wa vifaa vya kuagiza. Wanaosamehewa ni wachache waliowasilisha kwa bodi dhamana maalumu kubwa ya kukamilisha kazi na kulipa madeni yake, na hilo nalo lazima lionekane kwenye mkataba. Anayekiuka kikomo hiki anatenda kosa la jinai.

Baada ya advansi, malipo ya hatua hayatakiwi kuzidi thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika au vifaa vilivyokwisha kuletwa. Hapa ndipo mikataba mingi inapoharibika, kwa sababu ratiba inaandikwa kwa tarehe: «dola 9,000 tarehe 15, dola 9,000 tarehe 30». Tarehe hufika hata kama kazi imelala. Ratiba sahihi hutaja hatua ya kazi na kiasi chake kwa dola na senti: paa la zamani limeondolewa na mbao zilizooza zimebadilishwa, kiasi fulani, karatasi ya kuzuia maji imetandikwa, kiasi fulani, vigae vimepigiliwa na mkaguzi wa mji amepitisha, salio. Salio la mwisho liwe la maana, kwa sababu ndilo linalomrudisha fundi kumalizia vile vidude vidogo.

Mkataba wenyewe lazima uwe wa maandishi, wenye namba ya leseni, maelezo ya kazi na vifaa, tarehe za kukadiria za kuanza na kumaliza, na taarifa kama mkandarasi ana bima ya madhara kwa mali au hana. Bima hiyo haimbani kila mkandarasi, kwa hiyo soma sehemu hiyo. Kazi ya ziada nayo iandikwe na kusainiwa kabla haijaanza: nini kinaongezwa, bei inapandaje, ratiba inabadilikaje. «Tutaelewana baadaye» ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kugeuza kazi ya 18,000 kuwa ya 27,000.

Ukisaini, una siku tatu za kazi za kughairi bila kutoa sababu, na siku tano ukiwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Ghairi kwa maandishi, ubaki na nakala. Ulichokwisha kulipa kirudishwe ndani ya siku 10. Na jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui: kwa mkataba unaouziwa nyumbani kwako, sheria inataka uandikwe kwa lugha ileile iliyotumika zaidi katika mazungumzo ya kukuuzia. Kihispania kimetajwa kama mfano tu. Muuzaji aliyekushawishi sebuleni kwa Kiswahili hana haki ya kukupa kurasa kumi na mbili za Kiingereza peke yake.

Sehemu inayoumiza kuliko zote ni hii ya zuio, yaani dai la deni linalofungwa kwenye nyumba yenyewe. Mkandarasi wako ana mafundi wa chini yake na maduka yanayomkopesha vifaa. Hao hukusaini nao chochote, lakini asipowalipa, sheria inawapa haki ya kuandikisha zuio juu ya nyumba yako katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Unaweza kuwa umemlipa mkandarasi hadi senti ya mwisho na bado ukadaiwa vigae vilevile na duka. Ukishindwa, nyumba inaweza kuamriwa iuzwe deni lilipwe.

Dalili ya kwanza ni barua iitwayo taarifa ya awali. Fundi wa chini au muuza vifaa anatakiwa akutumie barua hiyo ndani ya siku 20 tangu alipoanza kutoa kazi au vifaa. Akichelewa hapotezi haki yote. Anabaki na haki juu ya vilivyotolewa ndani ya siku 20 kabla ya kutuma, na vinavyofuata. Watu hupata barua hii wakashtuka, wakadhani wanashtakiwa, au wakaitupa. Usiitupe. Ifungulie faili, maana inakupa orodha ya watu unaotakiwa kuhakikisha wamelipwa.

Ukishakuwa na orodha, tumia hati za kuachia zuio. Sheria imeweka aina nne, na maneno yake yamepangwa: ya malipo ya hatua na ya malipo ya mwisho, kila moja ikiwa ya masharti au isiyo na masharti. Mpangilio wake ni huu. Kabla hujatoa hundi, mkandarasi akuletee hati ya masharti kutoka kwake na kutoka kwa kila aliyekutumia taarifa ya awali na ana deni katika hatua hiyo. Hati hiyo inasema: pesa zikipatikana, naachia. Hundi ikishapita benki, akuletee isiyo na masharti kabla hujalipa hatua inayofuata. Kwa upande wa fundi, kosa ni kusaini isiyo na masharti kabla pesa hazijaingia, kwa kuwa hapo ameachia haki yake hata hundi ikirudi. Kama humwamini sana mkandarasi, andika hundi ya majina mawili, lake na la duka la vifaa, ili isichukuliwe bila sahihi za wote.

Muda nao una hesabu yake. Zuio linaandikishwa ndani ya siku 90 baada ya kazi kukamilika. Ila wewe ukiandikisha taarifa ya ukamilifu kaunti ndani ya siku 15 tangu kukamilika, muda unafupika: mkandarasi mkuu anabaki na siku 60, wengine wote siku 30. Ni karatasi ya bei ndogo, na nashangaa jinsi wenye nyumba wachache wanavyoitumia. Aliyeandikisha zuio naye lazima afungue kesi ndani ya siku 90, la sivyo halitekelezeki tena, na unaweza kuiomba mahakama iliondoe kwenye kumbukumbu.

Kwa fundi asiye na leseni kwenye kazi inayoihitaji, mlango wa mahakama umefungwa kabisa. Hawezi kukudai ujira wake, hata kama kazi ni nzuri na hata kama ulijua hana leseni. Mwenye nyumba anaweza pia kudai arudishiwe kila alicholipa, na hapunguziwi kwa sababu ya thamani ya kazi aliyopata. Ila afungue dai hilo ndani ya mwaka mmoja tangu kazi ikamilike au isimame. Zaidi ya hapo, hatia ya kwanza ina faini ya hadi dola 5,000, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Ni sheria kali mno, na inawaumiza mafundi wahamiaji walio hodari wa mkono. Ndiyo maana nawasihi wachukue leseni. Sharti kuu ni uzoefu wa miaka minne ya ufundi kamili ndani ya miaka 10 iliyopita, unaothibitishwa na mtu aliyeiona kazi yako, kama mwajiri, msimamizi au fundi mwenzako. Kisha mtihani wa sheria na biashara, mtihani wa fani, alama za vidole, na dhamana ya dola 25,000. Kiasi hicho hukitoi mfukoni. Unalipa ada ya mwaka kwa kampuni ya dhamana. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kuomba kwa namba ya mlipakodi ya ITIN.

Mteja naye asiitegemee mno dhamana hiyo. Dola 25,000 ni za wadai wote wa mkandarasi huyo kwa pamoja, na mkandarasi aliyeanguka huwa hana mdai mmoja.

Haya yote ni ya California. Texas, ambako Waswahili ni wengi, haina leseni ya jimbo kwa mjenzi wa jumla; wanaopewa leseni ni wa umeme, mabomba na mitambo ya joto na ubaridi. Maryland na Pennsylvania zinaruhusu advansi ya hadi theluthi moja ya bei. Usihamishe kanuni za jimbo moja kwenda jingine.

Mambo yakiharibika, mwandikie kwanza mkandarasi barua yenye kasoro moja moja, picha, na tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Asipotii, peleka malalamiko bodi. Kwa kasoro zinazoonekana kwa macho una miaka minne. Ambatisha mkataba, kila mabadiliko yaliyosainiwa, hundi zilizopita benki, na ripoti ya mkaguzi wa mji kama ipo. Bodi inaweza kusuluhisha, kuadhibu au kufuta leseni, ila kazi yake si kukukusanyia deni. Kama unachodai hakizidi dola 12,500, mahakama ya madai madogo itakusikiliza bila wakili, na unayemdai naye haruhusiwi kuja na wakili wa kumsemea.