"Nikatwe Nimalize": Sindano, Operesheni na Yanayosemwa Kuhusu Endo

Jumanne iliyopita dada mmoja wa miaka 29 aliingia kliniki, akaweka bahasha ya kaki mezani kabla hata hajaketi, akaniambia, "Daktari, sindano sitaki. Nataka nikatwe nimalize." Alikuwa mtu wa tatu wiki hiyo kunitamkia maneno hayo. Ndiyo maana naandika kuhusu endo, yaani endometriosisi: ugonjwa ambao tishu kama ile ya ndani ya kizazi huota nje yake, na ambao hutibiwa kwa homoni (sindano, vidonge au koili) au kwa operesheni.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha tatu za altrasaundi, risiti zilizofifia, na ripoti ya operesheni ya mwaka 2021. Ripoti yenyewe haikufika nusu ukurasa: endometriosisi imeonekana, imechomwa, mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Basi. Haikusema ilionekana wapi, ilikuwa nyingi kiasi gani, wala ovari zilikuwa katika hali gani. Pesa za operesheni hiyo zilichangwa na ukoo mzima, na mama yake huko Murang'a aliuza ng'ombe. Alikaa miezi 14 bila maumivu. Kisha yakarudi, kwanza siku za hedhi tu, baadaye hata akiketi kwenye matatu ikapita juu ya tuta. Nilimuuliza alipewa dawa gani baada ya kutoka hospitali. "Za maumivu, za siku tano."

Hapo ndipo damu yangu huchemka. Huyu dada hakukosea kuamini kwamba amepona, maana hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Kwa hiyo nianze na dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba operesheni inamaliza endo na sindano ni ya kuwapotezea watu muda. Operesheni ni kazi ya macho na mikono. Natoboa matundu madogo matatu au manne, la kitovuni likiwa la kamera, najaza tumbo gesi ili viungo viachane, kisha natafuta. Vidonda vya endo havina sura moja. Vingine ni vyeusi kama baruti iliyomwagika, vingine vyekundu, vingine vyeupe kama kovu la zamani, na vingine havina rangi kabisa, utadhani ni matone ya maji juu ya utando wa tumbo. Vingine vimezama nyuma ya kizazi, karibu na utumbo mpana au mrija wa mkojo, mahali ambapo kisu kikiteleza kidogo mgonjwa anatoka na tatizo jipya. Ninachokiona nakitoa. Nisichokiona kinabaki.

Na hata nikitoa kila kitu, ovari bado zinatoa estrojeni kila mwezi, nayo ndiyo chakula cha ugonjwa huu. Takwimu zinazotajwa sana ni kwamba miaka mitano baada ya operesheni, ugonjwa huwa umewarudia asilimia 40 hadi 50. Ndiyo sababu mgonjwa ambaye hatafuti ujauzito mara moja hatakiwi kutoka hospitali bila mpango wa homoni. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unataja koili ya homoni au vidonge vya kupanga uzazi kwa angalau miezi 18 hadi 24 baada ya kukatwa, ili kuzuia maumivu ya hedhi yasirudi. Kwa maneno mengine, kisu kinasafisha, homoni inalinda. Anayezisimamisha kama mahasimu wawili, mgonjwa achague mmoja, hajaelewa kazi ya yeyote kati yao.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi kwenye harambee. Endo ikiingia kwenye ovari hufanya uvimbe uliojaa damu nzito ya rangi ya chokoleti. Kuutoa ni kama kumenya chungwa bichi: ganda halikubali kuachana na nyama. Nachuna ganda la uvimbe, na pamoja nalo natoa sehemu ya ovari yenye mayai. Mara ya kwanza, ovari nyingi hustahimili. Mara ya pili na ya tatu, namwona mwanamke wa miaka 32 mwenye akiba ya mayai ya mtu wa 42. Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote anayepangiwa kukatwa ovari na bado anataka watoto ni hili: pima AMH kwanza. Ni kipimo cha damu kinachokadiria akiba ya mayai. Kigharimu kinachogharimu, ni kidogo kuliko kujua hasara ukiwa umeshafika wodini.

Sisemi watu wasikatwe. Mimi mwenyewe nakata. Kuna hali ambazo ukinitajia sindano nitakukatalia: mrija wa mkojo ukibanwa, kwa sababu figo inaweza kufa kimyakimya bila maumivu yoyote, utumbo ukianza kuziba, uvimbe wenye sura inayotia shaka ya saratani, maumivu yaliyokataa homoni zaidi ya moja, au mwanamke ambaye mwili wake hauvumilii homoni kabisa. Na kuna mwanamke anayetaka mimba sasa.

Huyo wa mwisho ndiye anayegeuza mazungumzo yote. Swali langu la kwanza siku hizi si "maumivu ni makali kiasi gani," ni "unataka mtoto lini?" Akiniambia ni mwaka huu, homoni zinakaa kando, maana karibu zote zinazuia mimba zikiwa mwilini na hazimwongezei nafasi baadaye. Huyo tunazungumza kuhusu operesheni, au kupandikiza mimba, kulingana na umri wake, mirija yake ya uzazi na mbegu za mume. (Naam, mume naye apimwe. Nimeona wanawake waliokatwa mara mbili kabla mtu yeyote hajafikiria kumpima yeye.) Akiniambia mtoto ni baadaye na kinachomsumbua ni maumivu, naanza na homoni, na wengi hawafiki chumba cha upasuaji kabisa.

"Sindano ya endo ndiyo ile ya miezi mitatu ya kupanga uzazi." Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine siyo, na hapa Nairobi mkanganyiko huu ni mkubwa kwa sababu Depo inajulikana kila mtaa. Depo ni projestini, homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni ya mwili, na kweli inatuliza endo. Ni rahisi kuipata, na kwa mwanamke aliyemaliza kuzaa ni chaguo zuri. Sindano nyingine ni za kundi tofauti kabisa: goserelini, inayodungwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, na leuprorelini ya kila mwezi au kila miezi mitatu. Hizi zinazima ovari kupitia ubongo, na mwili unaingia katika hali ya kukoma hedhi kwa muda.

Na zikizima ovari, utalijua hilo. Joto la ghafla, jasho la usiku hadi shuka lilowe, uke kukauka, usingizi kupaa. Mifupa nayo hupungua uzito, ndiyo maana hatuzitumii zenyewe peke yake zaidi ya miezi sita. Nikiona zitahitajika kwa muda zaidi, naongeza homoni kidogo ya kufidia tangu mwanzo, kiasi cha kulinda mifupa bila kuamsha endo. Daktari akikudunga mwezi baada ya mwezi bila kutaja mifupa yako, muulize. Mimi huongeza vitamini D na kumwambia mtu ale omena na mifupa yake yote, na atembee. Sio dawa ya endo, ni ya kuwekeza kwenye mifupa wakati ovari zimelala.

Jambo moja zaidi kuhusu sindano hizi. Wiki ya kwanza au mbili, kabla ya kuzimwa, ovari huchochewa kwanza, na maumivu yanaweza kupanda. Watu huniacha hapo hapo. "Sindano yako imeniongezea ugonjwa, daktari." Ukiambiwa mapema, unavumilia. Usipoambiwa, unakimbia na kumwonya jirani.

"Sindano itaniharibu nisizae." Hapana. Ukiacha kudungwa, ovari huamka. Depo huchelewesha: kwa kawaida mimba hurudi baada ya miezi kama kumi tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo bibi harusi anayetaka mtoto mwakani simpi Depo. Nampa vidonge, dienogesti miligramu 2 kila siku au norethisteroni, ambavyo akiacha leo mzunguko unarudi upesi. Kuchelewa si kuharibiwa. Kinachoharibu uzazi ni ugonjwa wenyewe, na makovu ya operesheni zisizo na mpango.

"Zaa tu, itapona." Mama mkwe husema, mhubiri husema, na kwa aibu yangu madaktari pia husema. Mimba hunyamazisha dalili kwa wengine, kwa muda. Haiponyi. Usimwambie msichana wa miaka 19 azae kama dawa.

"Tolewa kizazi uishe." Endo ni tishu iliyo nje ya kizazi. Ukitoa kizazi ukaacha vidonda kwenye utumbo na ovari zikifanya kazi, umetoa nyumba na kuwaacha wavamizi uwanjani. Wakenya walimsikia mtangazaji Njambi Koikai akieleza jinsi endo ilivyofika kifuani na mapafu yake kuporomoka tena na tena, hadi alipofariki Juni 2024. Kuna wanawake ambao kutolewa kizazi kunawasaidia, hasa kama ukuta wa kizazi chenyewe ni mgonjwa, lakini ni uamuzi wa mwisho, na vidonda vingine vitolewe papo hapo.

"Picha ilikuwa safi, kwa hiyo sina." Altrasaundi huona uvimbe wa ovari vizuri, na mikononi mwa mtaalamu huona mengi zaidi. Vidonda vidogo vya juu ya utando mara nyingi havionekani. Picha safi haifuti maumivu yanayokulaza sakafuni kila mwezi, na sihitaji kukupasua ili nianze kukutibu.

Yule dada wa bahasha tulimaliza naye baada ya muda wa saa moja. Altrasaundi mpya ilionyesha uvimbe wa sentimita tatu kwenye ovari ya kushoto, mirija ya mkojo haikuwa na shida. Mtoto anamtaka baada ya miaka miwili. Nikamwandikia AMH na dienogesti, nikamwambia anunue daftari ya shule, kila siku aandike tarehe, maumivu kati ya 0 na 10, damu, choo na usingizi, arudi nalo baada ya miezi mitatu.

Akafunga bahasha yake. "Na nikirudi bado naumwa?"

"Tutapanga operesheni," nikamwambia. "Na safari hii utatoka na picha za kila nilichokiona, ripoti kamili, na tarehe ya kuanza dawa."