Kichupo kilicholala: maana yake, na kwa nini kivinjari hukilaza

Unarudi kwenye kichupo (tab) ulichokiacha tangu asubuhi. Ukurasa hauonekani papo hapo. Alama ya kupakia inazunguka kidogo, kisha maandishi yanajitokeza kana kwamba ndiyo kwanza umeufungua. Hakuna kilichoharibika. Kichupo hicho kilikuwa kimelala, na aliyekilaza ni kivinjari (browser) chenyewe.

Kichupo kilicholala ni kile ambacho jina na nembo ya tovuti bado unaviona juu ya dirisha, ila ukurasa wenyewe umesimamishwa, au umeondolewa kabisa kwenye kumbukumbu ya kompyuta (RAM), mpaka utakapokibofya tena. Kwa hiyo kuna kulala kwa namna mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama ulichokuwa unakifanya utakikuta.

Namna ya kwanza ni kugandishwa. Ukurasa unabaki ndani ya RAM jinsi ulivyo, lakini JavaScript yake, yaani msimbo unaoufanya ukurasa utende kazi, inazuiwa isiendelee: vipima muda vinasimama, matangazo yanayojibadilisha yanatulia, kichakataji kinapata nafuu na betri inadumu. Edge, kivinjari cha Microsoft, ilianza na njia hii Januari 2021, katika toleo la 88, na kwa kawaida kichupo kisichoguswa kwa saa mbili ndicho kilichogandishwa. Ukikirudia kinaamka mara moja, na kila kitu kipo.

Namna ya pili ni kuondolewa. Hapa kivinjari kinautupa ukurasa wote na kubaki na taarifa chache tu: anwani yake, jina lake, ulikuwa umeteremka hadi wapi, na pengine maandishi uliyojaza kwenye fomu. Ni kama fundi cherehani anayekurudishia kitambaa na kubaki na karatasi ya vipimo. Ukitaka nguo, sharti kitambaa kiletwe upya. Chrome, kivinjari cha Google, ilianza kufanya hivi mwaka 2015 pale RAM inapokaribia kujaa, na Desemba 2022, kwenye toleo la 108, ikaongeza mpangilio wa kuokoa kumbukumbu ambao hauongoji mpaka mambo yaharibike.

Kwa nini tumefika hapa? Lawama za kwamba "kivinjari kinakula RAM" ni za kweli, lakini chanzo chake ni uamuzi mzuri. Zamani kivinjari kizima kilikuwa mchakato mmoja, yaani kazi moja isiyogawanyika ndani ya kompyuta. Ukurasa mmoja ukikwama, vyote vinakwenda na maji. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilivigawa vichupo katika michakato tofauti, ili kimoja kikianguka vingine viendelee. Firefox, kivinjari cha Mozilla, ilianza kuelekea huko rasmi mwaka 2016, toleo la 48. Kisha Januari 2018 dunia ikatangaziwa udhaifu wa vichakataji uitwao Spectre, uliomaanisha kwamba tovuti mbili zinazokaa mchakato mmoja zinaweza kuchunguliana siri. Jibu la Chrome kwenye kompyuta, mwaka huohuo, lilikuwa kuipa kila tovuti mchakato wake. Google wenyewe walisema gharama yake ni ongezeko la asilimia 10 hadi 13 ya kumbukumbu. Firefox ikafanya vivyo hivyo mwishoni mwa 2021.

Kwa mwenye RAM ya GB 16, hiyo ni gharama isiyosikika. Kwa mwenye laptopu ya GB 4, na wapo wengi sana kwetu, ni tofauti ya kufanya kazi na kukaa ukiitazama mashine iliyostaki. Ndiyo maana naiona hatua ya kulaza vichupo kuwa miongoni mwa kazi za maana zaidi zilizofanywa kwenye vivinjari miaka ya karibuni, ingawa haivutii macho kama kubadili rangi za dirisha.

Ugumu wake uko kwenye kuchagua kipi kilale na lini. Wahandisi wa Firefox walieleza jambo hili waziwazi walipotoa toleo la 93, Oktoba 2021. Walikuwa wamejaribu zamani na hawakuridhika: ukilaza mapema unamkera mtumiaji kwa kumngojesha kila anaporudi, ukichelewa kivinjari kinaanguka. Safari hii wakaamua kulaza pale tu ambapo faida haina shaka, yaani kwenye Windows, kumbukumbu ikiwa imebaki kidogo mno na kivinjari kinakaribia kuanguka. Kichupo unachokitazama hakiguswi kamwe. Kinachotoa sauti, chenye video iliyotolewa nje ya dirisha, kilichobandikwa (pinned), au kilicho katikati ya simu ya video, vyote husogezwa nyuma ya foleni. Kwa vilivyobaki huangaliwa kipi hakijaguswa kwa muda mrefu, kinakula kumbukumbu kiasi gani, na kinatumia michakato mingapi.

Foleni hiyo unaweza kuiona mwenyewe. Andika about:unloads kwenye sehemu ya anwani ya Firefox, na orodha itatokea ya vichupo vyako kwa mpangilio ambao vitaondolewa, pamoja na kitufe cha kukiondoa kilicho juu kabisa. Nawashauri wanaojifunza kutengeneza tovuti wakae na ukurasa huo kwa muda. Unafundisha namna kivinjari kinavyofikiri.

Kuna jambo la Windows linalowachanganya watu. Mtu anaangalia Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya RAM, anaona RAM bado ipo, lakini Firefox imeanguka kwa kukosa kumbukumbu. Windows haihesabu tu RAM inayotumika. Inahesabu pia nafasi ambayo programu zimeiomba na kuahidiwa, hata kama bado hazijaitumia. Jumla ya ahadi hizo haiwezi kuzidi RAM pamoja na faili la akiba (page file) lililo kwenye diski. Ahadi zikifika ukingoni, ombi linalofuata linakataliwa, na programu iliyokataliwa kwa kawaida huanguka. Mwaka 2022, kwenye Firefox 105, Mozilla waliongeza kitu kidogo sana: ombi la mchakato mkuu likikataliwa, Firefox haianguki hapohapo. Inangoja kidogo, kisha inaomba tena, kwa sababu katika kitambo hicho Windows inaweza kulipanua faili la akiba, au programu nyingine ikaachia nafasi. Kungoja huko peke yake kulipunguza maanguko ya kukosa kumbukumbu kwa zaidi ya asilimia 70.

Sasa upande wetu, sisi tunaoandika tovuti. Kichupo kikiondolewa, kuki, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huzitumia kukutambua, hubaki, kwa hiyo mtumiaji hatatolewa kwenye akaunti kwa sababu hiyo. Kinachopotea ni kile ulichokiweka ndani ya JavaScript tu: hatua ya tatu ya fomu yenye hatua tano, mchoro ambao haujahifadhiwa, faili lililochaguliwa ila halijatumwa. Chrome hujitahidi kutolaza kichupo chenye fomu iliyojazwa nusu, lakini huo ni msaada, si dhamana. Na kwenye Chrome ukurasa unaoondolewa haupewi taarifa ya kuaga. Nafasi ya mwisho unayoweza kuitegemea ni pale mtumiaji anapohamia kichupo kingine, tukio liitwalo visibilitychange. Hapo ndipo pa kuhifadhi. Nimekutana na mifumo ya maombi ya shule na kazi ambayo haihifadhi chochote mpaka kitufe cha mwisho, na inaniuma, kwa sababu anayepoteza ni yule mwenye mashine dhaifu kuliko wote, aliyehamia kichupo kingine kutafuta namba ya cheti chake.

Kwa anayetumia bando kuna hesabu nyingine. Kichupo kilichogandishwa kinarudi bila kupakua ukurasa upya, ilhali kilichoondolewa hupakia upya na kula data tena, isipokuwa vipande ambavyo kivinjari kilivihifadhi kwenye diski (cache). Mtandao ukiwa umekatika, hakirudi kabisa. Makala unayotaka kuisoma safarini usiiache tu kwenye kichupo ukidhani imehifadhiwa. Ihifadhi kama faili au PDF. Kwenye Chrome, ndani ya mipangilio ya utendaji, kuna orodha ya tovuti ambazo hazitalazwa kamwe, na hapo ndipo pa kuweka mfumo unaoutumia kazini kutwa. Kumbuka tu kwamba kila utakayoiweka inashikilia kumbukumbu yake.

Tangu Firefox 140, iliyotoka Juni 2025, hata uamuzi wa kulaza umewekwa mikononi mwa mtumiaji: bofya kulia juu ya kichupo, au juu ya kadhaa ulivyovichagua kwa pamoja, kisha chagua kuviondoa kwenye kumbukumbu. Msanidi naye ana kipimo rahisi hapo. Fungua tovuti yako, jaza fomu hadi katikati, hamia kichupo kingine, uiondoe kwa njia hiyo, urudi, uone kipi kimebaki.