Karusha vibaya? Ninachoangalia mpira unapotoka pembeni

Nenda kwenye mechi yoyote ya mchangani, usimame pembeni. Hazipiti dakika nyingi kabla hujasikia, "Refa, karusha vibaya huyo!" Nimechezesha mpira kwa miaka mingi na sasa nawafundisha waamuzi chipukizi, na nasema bila kusita kwamba kelele nyingi za aina hiyo zinadai sheria ambazo hazimo kitabuni.

Chukua mpira unaozunguka hewani. Watu huamini kwamba ukizunguka, mrushaji katumia mkono mmoja zaidi, kwa hiyo kakosea. Sheria ya 15 ya soka, ile ya mpira wa kurusha, haisemi lolote kuhusu kuzunguka. Inamtaka mrushaji, wakati anauachia mpira, awe ameuelekea uwanja, sehemu ya kila mguu iwe juu ya mstari au chini nje ya mstari, na arushe kwa mikono miwili kutoka nyuma ya kichwa kupitia juu yake, pale pale mpira ulipovukia mstari. Basi. Mwenye mkono mmoja wenye nguvu kuliko mwingine atauzungusha, na hana kosa. Kuotea nako hakupo kwa anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwa mrushaji, ingawa nako hupigiwa kelele kila wiki.

Ubishi mkubwa uko miguuni. Mguu uliokanyaga mstari ni halali hata kama vidole vimeingia uwanjani. Kisigino kikiinuka si kosa, mradi ncha ya kiatu inagusa chini. Kosa ni mguu mzima kuwa hewani, au wote kuwa ndani. Ndiyo maana hata sarakasi haijakatazwa. Kombe la Dunia la 2018, Iran ikiwa nyuma 1-0 dhidi ya Hispania dakika za mwisho, Milad Mohammadi alipiga sarakasi akiwa na mpira mikononi, akasita, kisha akarudi kurusha kawaida. Angeweza kuuachia baada ya kuzunguka, miguu yake ikiwa chini nje ya mstari, na mwamuzi asingekuwa na sababu ya kupuliza filimbi.

Kwenye mechi yenye waamuzi wasaidizi huwa tunagawana macho: mwenye kibendera anatazama miguu, mimi natazama mikono. Mchangani mara nyingi niko peke yangu, chokaa imeshafutika na watazamaji wamesimama juu ya mstari wenyewe. Hapo kazi yangu ya kwanza ni kuwarudisha watu nyuma ili mrushaji apate nafasi. Huwezi kumhukumu mtu kwa mstari ambao haoni.

Linaloniudhi kweli ni wizi wa mita. Mchezaji anaokota mpira, anatembea nao kuelekea goli la wapinzani huku akijifanya anatafuta wa kumrushia. Mita kumi zimeondoka. Simsubiri arushe: namwita mapema, "Rudi, kaka, hapo hapo." Akikaidi akarusha, mpira ni wa wapinzani. Mpinzani naye akae walau mita 2. Anayesogea na kurukaruka mbele ya mrushaji anastahili kadi ya njano, na kama mpira umesharushwa, natoa pigo huru lisilo la moja kwa moja.

Kosa ninalolisahihisha zaidi kwa vijana wangu ni hili: mpira ukigonga chini nje kabla ya kuingia uwanjani, wanawapa wapinzani. Hapana. Unarushwa tena na timu ile ile, mahali pale pale.

Halafu kuna goli. Septemba 16, 2002, Olof Mellberg wa Aston Villa alimrushia kipa wake, Peter Enckelman, katika mechi dhidi ya Birmingham City. Kipa alijaribu kuutuliza kwa mguu, mpira ukapita chini yake hadi wavuni. Mwamuzi David Elleray alikubali goli. Mpaka leo watu wanabishana kama kiatu kiliugusa, na uamuzi wote ulitegemea hapo: ukiguswa ni goli, usipoguswa ni kona, kwa kuwa huwezi kujifunga moja kwa moja kwa mpira wa kurusha. Kwa hiyo mpira unaporushwa nyuma kwa kipa, nawaambia vijana wasigeuke kukimbilia katikati. Wautazame mguu wa kipa mpaka mpira uondoke.