Nyota nyekundu haijaharamishwa Ulaya nzima

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba kuonyesha sanamu au nyota nyekundu za enzi ya ukomunisti ni jinai Ulaya nzima. Si kweli, kila nchi ina sheria yake. Hungaria, mojawapo ya nchi kali, huzuia alama hizo hadharani zikidhalilisha waathirika wa tawala za kiimla au kuvuruga amani, lakini huruhusu elimu, sayansi, sanaa na historia. Pembezoni mwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, ipo bustani ya sanamu hizo tangu 1993, yenye nakala ya buti kubwa zilizobaki sanamu ya Stalin, dikteta wa Kisovieti, ilipoangushwa mwaka 1956. Wengi huchanganya kufundisha na kutukuza, na kwa waliofungwa enzi zile tofauti hiyo ni nzito mno. Soma kifungu chenyewe cha sheria hadi kwenye mambo kinayoyaruhusu. Ujumbe ule, tafadhali, ukikufikia usiusambaze.