Anwani za GeoCities na mji uliojengwa juu yake

Wengi wanaoizungumzia leo GeoCities, huduma ya zamani iliyowapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao kwenye wavuti, hukumbuka picha zake zilizometameta na maandishi ya rangi kali. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuhifadhi kurasa za zamani za wavuti, naamini kwamba ubunifu wake mkubwa zaidi ulikuwa kwenye anwani.

David Bohnett na John Rezner waliianzisha mwishoni mwa mwaka 1994 huko California, Marekani, kwa jina la Beverly Hills Internet. Wakati ambapo mtu asiye na chuo kikuu nyuma yake alilazimika kulipia seva ili awe na tovuti, wao walitoa nafasi bure, megabaiti 2 tu hapo mwanzo, na wakaipanga kama mji. Wapenzi wa filamu walikaa Hollywood, wa kompyuta SiliconValley, wa hadithi za kubuni za kisayansi Area51, na wa falsafa Athens. Aliyejiandikisha aliingia katika mtaa aliouchagua, akatafuta kiwanja kilichokuwa wazi, akapewa namba ya nyumba yenye tarakimu nne, na namba hiyo ndiyo iliyohitimisha anwani yake, kwa mfano geocities.com/Area51/ ikifuatiwa na tarakimu zenyewe. Msomaji aliyebadilisha tarakimu ya mwisho alifika kwa jirani, ambaye aghalabu alikuwa na shauku ileile. Na kwa kuwa injini za utafutaji za miaka hiyo zilikuwa dhaifu, ujirani huo ulikuwa njia ya kweli ya kugundua maandishi ya watu wasiojulikana. Mitaa ilipojaa vilifunguliwa vitongoji, kama Heights ndani ya SiliconValley, na wakazi wa kujitolea wakawafundisha wageni HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti.

Kampuni iliuza hisa kwa umma Agosti 1998, na Januari 1999 Yahoo ikatangaza kuinunua kwa hisa zenye thamani ya takriban dola bilioni 3.6. Mwaka huohuo masharti mapya yaliipa Yahoo haki pana mno juu ya kazi za wakazi, ambao waliandamana kwa kuziondolea kurasa zao rangi na picha hadi kampuni ikarudi nyuma. Hata hivyo, naliona pigo zito zaidi kuwa lile ambalo halikupigiwa kelele nyingi: wanachama wapya walianza kupewa anwani zenye majina yao ya Yahoo, bila mtaa wala namba.

Yahoo ilipoifunga huduma hiyo nchini Marekani tarehe 26 Oktoba 2009, wahifadhi wa kujitolea wa Archive Team, akiwemo Jason Scott, walikuwa wamekwisha kunakili sehemu kubwa ya kurasa zake, na mwaka 2010 wakaitoa kwa umma nakala yenye mamia ya gigabaiti. Tawi la Japani liliendelea hadi Machi 2019. Kwa sisi tunaofanya kazi hii, tofauti kati ya anwani za awamu hizo mbili ni dhahiri: nyumba za mitaani programu inaweza kuzipitia namba kwa namba hadi mwisho wa mtaa, ilhali ukurasa uliojulikana kwa jina la mtumiaji pekee hauwezi kupatikana isipokuwa pawe na kiungo mahali fulani kinachoelekea kwake.