Mtoto mchanga asiyeamka kunyonya usiku: maswali na majibu

Mtoto wangu ana siku nne. Akinyonya saa mbili usiku halii tena mpaka alfajiri. Kila anayekuja kutuona anasema nimejaliwa mtoto mtulivu. Ni kweli?

Hapana, mama. Mwamshe.

Mtoto wa umri huo anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, na hesabu hiyo haitimii kama usiku mzima umerukwa. Akiba ya sukari mwilini mwake ni ndogo. Sukari ikishuka analegea, na akilegea anakosa hata nguvu ya kulia akidai titi. Ndiyo maana tunaomba sana watu waache kumsifia mtoto wa siku nne kwa sababu "hasumbui". Zisipite saa tatu tangu alipoanza kunyonya mara ya mwisho. Weka alamu kwenye simu.

Namwamshaje? Nikimgusa anageuka tu na kuendelea kulala.

Kumgusa shavu akiwa amefungwa kanga tatu hakutoshi, joto lile linazidi kumbembeleza. Mfungue. Mvue abaki na nepi, mbadilishe kama amelowa, kisha mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi. Msugue nyayo, mpapase mgongo kutoka kiunoni kwenda juu. Kamua matone machache umpake mdomoni, na akipanua mdomo mlete kwenye titi papo hapo. Akisinzia baada ya kunyonya kidogo, minya titi taratibu ili maziwa yatiririke, au mtoe, mcheulishe, umhamishie titi la pili.

Usimmwagie maji baridi. Bado wapo wanaofanya hivyo. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka sana, na mtoto aliyepoa ndiye asiyenyonya kabisa.

Nimefanya yote hayo na bado hanyonyi. Ni saa saba usiku. Nimpeleke asubuhi?

Mpeleke sasa hivi. Usisubiri kukuche.

Mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya akaacha, au asiyeamka vizuri hata ukimsumbua, ana dalili ya hatari. Mara nyingi ni maambukizi, sukari iliyoshuka au manjano (macho na ngozi kuwa njano) iliyopanda, na nyumbani huwezi kujua ni ipi. Mwenye maambukizi ya damu anaweza kubadilika ndani ya saa chache. Hospitalini tunawapokea wengi saa mbili au saa tatu asubuhi, na ukiuliza unaambiwa "tangu jana jioni hakunyonya". Usiku wote huo ulipotea kwa kumngoja baba arudi, kumpaka mafuta ya chango na kumpigia shangazi simu.

Ondoka pia usiku huohuo ukiona degedege, pumzi 60 au zaidi kwa dakika (hesabu dakika nzima akiwa ametulia, kisha rudia), kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili wa baridi. Homa si lazima iwepo. Wapo wanaokuja na maambukizi makali huku wamepoa.

Njiani mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga juu yenu wote wawili. Kama anaweza kumeza, mpe maziwa uliyokamua kwa kikombe kidogo, taratibu. Kama amelegea kabisa usimimine kitu mdomoni, atapaliwa. Kadi ya kliniki ichukue ikiwa ipo karibu. Kama huioni, nenda bila kadi.

Macho yamekuwa ya njano na analala mno. Bibi yake anasema tumwanike jua la asubuhi.

Shikamoo ya bibi iko palepale, lakini jua la asubuhi si tiba ya manjano. Wiki nzima ya kuanika mtoto uani ni wiki nzima ya kuchelewa.

Manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu huwapata watoto wengi na huisha. Tatizo ni kwamba ile rangi hutolewa zaidi kwa njia ya choo, na asiyenyonya hapati choo cha kutosha. Manjano inapanda, inamlaza, akilala hanyonyi, basi inapanda tena. Ikizidi huingia kwenye ubongo, na anayepona anaweza kubaki na uziwi au mtindio wa ubongo. Hospitali wana mwanga maalumu wa kuishusha, na hufanya kazi vizuri mtoto akifika mapema.

Mkague mchana karibu na dirisha, maana taa ya njano hudanganya: weupe wa macho, fizi, viganja, nyayo. Manjano iliyojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza, iliyofika viganjani au nyayoni, au inayoambatana na usingizi mzito, ni ya kwenda hospitali leo. Usisubiri kukuche kwa hili pia.

Maziwa bado machache. Usiku tumpe maji ya glukosi ili tulale?

Msimpe. Maji ya sukari, maji ya chango, uji mwepesi, asali, vyote hivyo hujaza tumbo dogo bila kumpa lishe anayohitaji, na huleta kuhara. Yale maziwa ya kwanza ya njano, dang'a, huwa machache na ndiyo yanayomtosha siku za mwanzo. Tena usiku ndipo prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, inapopanda zaidi. Anayeruka usiku huamka na titi gumu ambalo mtoto anashindwa kulishika, na baada ya siku chache analalamika maziwa yamepungua.

Nitajuaje kama anashiba?

Angalia nepi. Kufikia siku ya tano au ya sita alowanishe angalau sita kwa saa 24, mkojo ukiwa mweupe. Choo cheusi kiwe kimeshageuka njano. Kama unatumia pampasi, weka kipande cha kitambaa ndani, vinginevyo hutajua kama amekojoa. Uzito hushuka kidogo mwanzoni, ila aliyezaliwa na kilo 3.0 akifika chini ya 2.7 aonwe na mtoa huduma siku hiyohiyo.

Nimechoka. Naweza kunyonyesha nimelala?

Unaweza. Lala ubavu, yeye naye ubavu akikuelekea, tumbo kwa tumbo, pua ikiwa mkabala na chuchu. Akimaliza mlaze chali, juu ya godoro gumu, ndani ya chandarua chenye dawa, mbali na mito na mablanketi mazito. Usisinzie naye kwenye kochi. Aliyekunywa pombe au dawa ya usingizi asilale naye kitanda kimoja, na baba mvuta sigara pia.

Na jiko la mkaa litoke chumbani, hata kama mnaishi Njombe na ni baridi ya mwezi wa saba. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na mtaona mtoto amelala vizuri tu.

Nimwamshe mpaka lini?

Mpaka arudie uzito wa kuzaliwa, kwa wengi kabla ya wiki mbili kuisha, na mhudumu athibitishe kliniki kwamba anaongezeka. Hapo anaweza kuachwa aamke mwenyewe. Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, na aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 huendelea kuamshwa hadi utakapoambiwa uache, na uamuzi huo si wa jirani.