Pikipiki ikikata mafuta njiani, usikimbilie kunyonya mpira

Jamani, sisi wakufunzi wa usalama barabarani chombo kukata mafuta hakitutishi sana, kinachotutisha ni yale mtu anayoyafanya baada ya hapo.

Ikianza kukatakata halafu ukivuta moto haiitikii, bana klachi, washa indiketa, cheki nyuma, na huo mwendo uliobaki utumie kutoka barabarani kabisa, sio unasimama katikati unapiga kiki na malori yanakuja.

Ukishatoka fungua kwanza mfuniko wa tanki. Ukisikia inavuta pumzi ujue katundu ka hewa kameziba, mafuta yapo ila hayashuki. Kama kweli yamekauka, na pikipiki yako ni ya kabureta, nenda kwenye koki, kale kaswichi ka kufungulia mafuta chini ya tanki. Ndani ya tanki kuna mrija mrefu na mfupi, ikiwa ON injini inanyonya kwa ule mrefu, ukizungusha RES (yaani akiba) inanyonya kwa ule mfupi wa chini, kwahiyo unapata mafuta kidogo ya kukufikisha sheli. Sasa wengine wanatembelea RES mwaka mzima eti ndo inaenda vizuri, hao yakikata yamekata kweli! Ukishajaza rudisha ON. Na hata RES ikiisha, tanki limekaa kama tandiko juu ya chasisi so upande usio na koki huwa yanabaki kidogo, ilaze pikipiki kuelekea upande wa koki kisha isimamishe, ujaribu tena.

Za injekta nyingi hazina RES. Pampu iko humo humo tankini na inapozwa na hayo hayo mafuta, kwahiyo kukandamiza stata wakati tanki kavu ni kuiua tu.

Sasa huu mchezo wa kunyonya petroli kwa mdomo kutoka kwa mwenzako, acheni. Ikipita kwenye mapafu ni balaa, na aliyeimeza msimlazimishe kutapika, mpelekeni hospitali. Wala usimulike tanki kwa kiberiti (wapo wanaofanya!), mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na unaweza kushika moto mbali na hapo ulipo. Subiri injini na ekzosi vipoe ndo umimine.

Ah, na kama unayeomba kwake anaendesha ya tu-stroku, ile petroli yake huenda imechanganywa oili, muulize kabla hujamimina.